Waliurekodi wimbo wa kumkanda dada yangu, wakaurusha redioni

Pa. Pa. Pa.

Huo ni mlio wa fungu la majani yaliyochovywa kwenye maji ya moto, likitua mgongoni mwa mama aliyetoka kujifungua. Hadi leo mtu akifua na kupiga kitenge kwenye jiwe, mimi nageuka.

Wakuu, nawasalimu wote, mlio kwenye simu za vitufe na mlio kwenye kompyuta za ofisi. Mimi humu ni msomaji wa kimya, nacheka na nyuzi zenu halafu nalala. Leo nimeshindwa kulala na kucheka, naandika. Nitakayosema niliyaona ama niliyasikia. Pale ambapo sikuwepo, nitasema sikuwepo.

Kiswahili changu ni cha mpakani, Uganda na Kongo. Nimekiokota soko la Mpondwe nikiuza nyanya na mama, kingine nimekiokota humu humu. Shule iliishia njiani. Kwa hiyo msihangaike na ngeli zangu, hangaikeni na kisa.

Kisa ni cha dada yangu. Tumwite Jeni. Jina si lake, na kabla ya kuandika nilimwomba ruhusa, akanipa.

Hilo neno ruhusa lishikeni. Ndiyo kesi yenyewe.

Nyumbani ni kilimani, juu ya Bwera. Bibi yetu, ambaye sisi Wakonzo tunamwita Mukaka, ndiye anayekanda wazazi wa kilima kizima.

Msinielewe vibaya. Hazalishi. Zamani alizalisha, siku hizi mwenye mimba anamfukuza mwenyewe aende hospitali, na akiona miguu imevimba ndiye wa kwanza kuita boda. Sina ugomvi na manesi. Kazi ya Mukaka inaanza mama akisharudi nyumbani na mtoto wake.

Anawasha moto, anachemsha maji na majani yake, anamkalisha mzazi kwenye kigoda. Anamkanda mgongo, nyonga, tumbo. Akimaliza, yale maji hayamwagwi ovyo, yanapelekwa nyuma ya nyumba na kumiminwa kwenye shina la mgomba.

Na muda wote anaokanda, anaimba.

Huo wimbo ndio uzi huu.

Lakini kwanza niwaeleze majina yetu, la sivyo nitawapoteza.

Kwetu mtoto hatafutiwi jina, anakuja nalo. Binti wa kwanza wa mama ni Masika. Wa pili ni Biira. Wa tatu Kabugho. Wa nne ni Mbambu, ndiye mimi, na kunitaja hakunitambulishi kwa mtu yeyote, maana ukiita Mbambu pale Mpondwe nusu ya wauzaji wanageuka.

Sasa hapa ndipo penyewe. Mtoto akifa, nafasi yake haijazwi. Ukifiwa na Masika, binti anayefuata anabaki kuwa Biira. Kwa hiyo ukikutana na mama ana Biira na hana Masika, huulizi kitu. Umeshajua. Unamsaidia mzigo, mnaendelea.

Wimbo wa Mukaka unafuata hesabu hiyo.

Katikati ya wimbo anasimamisha mkono na kumwuliza mzazi: umezaa wangapi? Mzazi anatakiwa kujibu kwa mdomo wake, amhesabu na aliyekufa, hata yule aliyezaliwa bila kulia. Akishajibu, Mukaka anawaita mmoja mmoja kwa jina na mkono unaendelea.

Wengi hapo ndipo wanalia. Mukaka anasema mama akimficha mtoto, mwili nao unaficha maziwa. Sijui daktari angesemaje juu ya hilo. Mimi ni mbeba maji tu, na kutoka pale kwenye mlango na beseni langu nimewaona wanawake wakiingia wamejikaza kama mtu anayesubiri kupigwa, wanatoka mabega yameshuka.

Maneno mengine ya wimbo siyaandiki, hata mkinibembeleza. Haya niliyoandika nimeandika kwa sababu yalishatangazwa.

Jeni alizaa kabla ya kuolewa. Binti. Hakulia.

Baba wa mtoto alikuwa mtu wa malori ya simenti huko Hima, na aliposikia habari ya mimba akabadilisha barabara. Mukaka akamwita mtoto Masika, kama ilivyo, tukamlaza nyuma ya nyumba kwenye migomba. Tuliojua ni mimi, mama, Mukaka na Jeni mwenyewe. Basi.

Baadaye Jeni akaolewa Kasese mjini na fundi redio.

Shemeji yangu ni mtu mpole, wakuu. Kibanda chake kimejaa redio zilizotolewa matumbo na yeye katikati anazinong'oneza kama wagonjwa. Jeni hakumwambia kuhusu mtoto wa kwanza. Alikuwa anasubiri siku nzuri. Mlio kwenye ndoa mnaijua hiyo siku nzuri, kila ukiikaribia inahama.

Wakapata binti, hospitali, salama. Kwa upande wa mume ndiye wa kwanza, wakamwita Masika, na Jeni akanyamaza. Mama mkwe alikuwa na mguu mbaya, hawezi kuinua sufuria ya maji moto, akasema Jeni apande kwetu akakandwe na Mukaka halafu arudi.

Siku zile zile gari likaja.

Gari zuri, ubavuni limeandikwa mambo ya kuhifadhi maarifa ya jadi ya uzazi na malezi. Wakashusha soda, fulana, kamera. Kiongozi wao tumwite Madam. Na msidhani ni mgeni kutoka ng'ambo. Ni Mkonzo mwenzetu, mzaliwa wa Kasese. Alimsalimia Mukaka kwa Kikonzo safi, akapiga goti, Mukaka akacheka kwa furaha.

Mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Tangu utotoni nataka kuwa mtangazaji. Nilikuwa nasoma taarifa ya habari kwa gunzi la mahindi, wasikilizaji wangu mbuzi. Sasa naona maiki ya kweli, yenye manyoya kama paka, imeingia nyumbani kwetu kwa miguu yake. Nilitamani kuigusa.

Mukaka hakuwanyima kitu. Aliwaonyesha majani na namna ya kuyachuma, maji yawe na moto kiasi gani, kichwa cha mtoto kinashikwaje. Alisema wasichana wa sasa hawaji tena kukaa naye jikoni, wako na simu, basi maarifa na yaingie humo kwenye simu yawakute. Alitaka kuhifadhiwa. Nasisitiza, maana kuna mtu atakuja hapa chini kusema bibi zetu ni wabishi.

Ulipofika wimbo, akakataa.

Waliongea Kikonzo, nawaletea kwa Kiswahili cha kwetu. Nilikuwa nimesimama pale na beseni, nilisikia kila neno.

"Huu hapana ya mashini, mwanangu. Huu iko ya mwenye mgongo."

"Nimesikia, Mukaka," Madam akasema. "Nazima."

Akabonyeza kitu. Akaiweka rekoda dirishani, ile maiki ya manyoya ikiangalia ndani, akatoka nje na watu wake kunywa soda.

Mukaka akaimba. Akasimamisha mkono, akauliza. Jeni akajibu.

Pa. Pa. Pa.

Rekoda ilikuwa haijazimwa.

Sasa hili linalofuata sikuwepo. Alinisimulia shemeji mwenyewe.

Jeni alikuwa ameshamaliza kukandwa na kurudi kwa mumewe. Shemeji yuko kibandani na wateja. Ana desturi ya kuziwasha redio zote alizotengeneza na kuziweka stesheni moja, anazilinganisha sauti. Likaja tangazo. Mradi fulani unafanya maonyesho mjini, njooni mjifunze uzazi wa mababu. Na chini ya maneno, wimbo unapita polepole.

Sauti ya Mukaka ina mkwaruzo, aliyeisikia mara moja haipotezi. Shemeji akajaa fahari. Akaongeza sauti, redio moja baada ya nyingine, akawaambia wateja wake huyo ni bibi wa mke wangu.

Mtangazaji akanyamaza ili wimbo usikike vizuri.

Umezaa wangapi?

Na sauti ya Jeni, hiyo hiyo inayomwita kula kila mchana, ikasema: wawili. Mukaka akawaita:

Masika. Biira.

Ikatoka kwenye redio zote kwa pamoja.

Pale kibandani hakuna aliyehitaji mkalimani. Wote ni watu wa kwetu, wote wanajua kuhesabu majina, wote walishakula karanga za kumpongeza kwa Masika wake wa kwanza. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri redio yake akamwambia, "Fundi, hii redio yako inajua nyumba yako kukushinda."

Wakacheka.

Tangazo likarudi mchana. Likarudi jioni. Likarudi kesho yake, maana lilikuwa limelipiwa.

Mama mkwe hakupiga kelele, Jeni aliniambia. Afadhali angepiga. Alimwita, akamkalisha, akamwuliza taratibu:

"Huyu mutoto iko wa ngapi?"

"Wa pili, mama."

"Basi sisi tulimupa jina ya maiti. Na wewe ulituangalia tu."

Shemeji alikuwa amekaa pembeni na bisibisi mkononi. Yeye alisema neno moja tu. "Ungeniambia wewe."

Jeni akamfunga mtoto mgongoni, akarudi kwetu Bwera.

Wakuu, nimewahi kukasirika. Nimewahi kukasirikia askari wa mpakani aliyekanyaga nyanya zangu akisema pisha. Lakini hasira ile ilikuwa ya kupita. Hii iliingia ikatafuta kiti.

Nikashuka Kasese, nikaitafuta ofisi ya Madam.

Ukutani wamebandika picha kubwa ya mikono ya Mukaka. Mikono tu, kichwa hakuna. Madam alinikumbuka, akaniita Mbambu wa beseni, akaagiza chai. Nikamwambia chai baadaye, nikamweleza dada yangu yuko wapi na kwa nini.

Akashika kifua. Nadhani alihuzunika kweli, sitamdhulumu. Halafu akasema:

"Lakini tulitoa jina la mama. Hakuna mahali linasikika. Tulimlinda."

Nikamwuliza, "Mume wa mtu hajui sauti ya mke wake?"

Akaitazama ile picha ya mikono.

Nikamwuliza aliahidi kuzima, ilikuwaje. Akasema alidhani amezima. Walipofika ofisini wakakuta imo, wakaisikiliza, wakalia wote. Wakashindwa kuitupa. Akaniuliza Mukaka akifa kesho na wimbo huu ukafa naye, nani atatusamehe sisi Wakonzo?

Na mimi nitawaambia ukweli, hilo swali lilinigusa. Hata mimi ndilo linaloniamsha. Lakini nikamwambia, wewe ni mtoto wa hapa. Unajua Masika ni nani na Biira ni nani. Ulisikia dada yangu anasema wawili, na ulimwona ana mtoto mmoja mkononi.

Akaitika kwa kichwa.

"Ndiyo maana inagusa," akasema.

Ndiyo maana inagusa. Yaani alielewa. Alielewa kuliko mtu yeyote pale ofisini, na kwa sababu alielewa ndiyo akaikata hapo hapo, sehemu ile ile, akaiweka kwenye tangazo.

Halafu, wakuu, subirini. Akaniangalia, akasema nina sauti nzuri. Wanatafuta msichana wa kutangaza kipindi chao cha kila wiki, cha mama na mtoto. Nitakaa studio. Nitavaa vile vya masikioni.

Siwadanganyi, niliiona. Nilijiona kabisa, gunzi limekuwa maiki, mbuzi wamekuwa wilaya nzima. Nilikaa na hiyo picha kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake.

Akaongeza kwamba kipindi kitafunguliwa na ule wimbo.

Nikasimama. Nikamwambia futa kwanza.

Akasema tangazo atalisimamisha, lakini kilichokwenda hewani hakifutiki, watu wameshakiweka kwenye simu zao, wanatumiana. Alilisema hilo kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Tangazo likasimama kweli. Maonyesho yenyewe yalikuwa yameshapita.

Natoka mlangoni akanipa fulana ya mradi. Niliichukua, mnisamehe, nilishalelewa nisikatae nikipewa. Sasa hivi inafuta masizi ya sufuria, na inafanya kazi hiyo vizuri sana.

Nyumbani Jeni alikuwa haongei. Maziwa yalipungua, mtoto analia, na Mukaka akimwona anageuza uso kama yeye ndiye aliyekosa.

Shemeji alikuja siku ya soko. Alipanda kilima kwa miguu, amebeba redio ndogo ya Mukaka aliyokuwa ameitengeneza tangu zamani. Hakumwita Jeni. Alipiga magoti mbele ya Mukaka, akasema, "Nimekuja kumusalimia mukubwa."

Mukaka hakuelewa haraka. Mimi nilielewa, nikampeleka nyuma, kwenye migomba, kwa yule mtoto wa kwanza. Akachuchumaa pale. Sikumsikia alisema nini, na hata ningesikia nisingeandika.

Aliporudi alimchukua mtoto kutoka kwa Jeni, akamnyanyua hadi usawa wa uso wake, akamwita, "Biira."

Jeni akaingia ndani kufunga nguo zake.

Mama mkwe mpaka leo hajalitamka. Anamwita tu mutoto. Njoo hapa, mutoto. Kula, mutoto. Labda siku moja.

Najua kuna watakaoniambia basi dada, mambo yaliisha vizuri, hasira ya nini tena.

Hasira ni hii.

Mukaka haimbi.

Wazazi bado wanakuja. Anawasha moto, anachemsha, anakanda, pa pa pa, mdomo umefungwa. Mmoja alimwomba wimbo, alikuwa amefiwa na wawili mfululizo, alitembea kutoka mbali kwa ajili ya kuulizwa lile swali. Mukaka akamwambia, "Uende kwa redio."

Mukaka wangu. Mtu aliyekuwa akishika mkono wa mwanamke asiyemjua mpaka amalize kulia.

Nilimwomba anifundishe mimi, angalau mimi. Aliangalia dirisha kwanza. Halafu akasema bado.

Siku hizi kabla ya kusema jambo lolote la maana anaangalia dirisha.

Kwa hiyo wao wanasema wameuhifadhi. Uko kwenye mashine, ofisini, una jina na uko salama, panya hawaufikii. Na kilima chetu hakuna mwanamke hata mmoja anayeimbiwa. Mniambie wenyewe hapo kilichohifadhiwa ni nini. Kama ni sauti, sawa, sauti wanayo. Mimi niliyesimama pale na beseni najua wimbo ule kazi yake ilikuwa kuuliza swali kwa mtu mmoja, ndani ya chumba chenye mlango uliofungwa, na kungoja jibu. Ukiuliza wilaya nzima hujauliza mtu.

Nilichojifunza ni kidogo. Mwenye kitu akikwambia hiki chukua na hiki acha, kile alichosema uache nacho ni sehemu ya maarifa. Labda ndiyo sehemu kubwa. Anayetaka kujifunza uzazi wa bibi zetu aje abebe maji. Kuna maji ya kutosha kubeba.

Wakuu, nawaomba mambo mawili. Kama kwenu kuna bibi anayekanda, ama kulikuwa naye, niandikieni hapa chini anafanyaje, yale tu ambayo yeye mwenyewe angekubali yasemwe. Nataka kujua kama tuko wengi. Hata mlio kazi za miradi njooni, nitukaneni, nitawajibu.

La pili, msiniombe huo wimbo. Na wewe uliye nao kwenye simu, najua mko humu, ufute. Huna haja ya kuniambia umefuta.

Kabla ya kuandika uzi huu nilibaki nyumbani peke yangu, wengine wote wameshuka Mpondwe kwenye soko. Nilitoa betri kwenye simu nikaitupia kwenye kopo la unga. Nikafunga dirisha. Nikachemsha maji na majani, nikayamimina kwenye beseni, nikayabeba hadi nyuma, kwenye migomba, pale alipolala Masika wa Jeni.

Nikaimba kwa sauti ya chini, yale niliyoyashika miaka yote nikiwa nimesimama mlangoni. Nilipofika pale pa kuuliza, nikauliza. Halafu nikanyamaza, maana mwenye kujibu si mimi.

Nikamimina maji kwenye shina, polepole, yakaisha. Nikaliegemeza beseni ukutani, mdomo chini, ili Mukaka akirudi alikute linakauka.